Nani Mwenye Kozi za Pamoja? Wahadhiri na Mageuzi ya Elimu ya Jumla katika Chuo Kikuu cha Harvard

Utangulizi

Katika vyuo vikuu vyetu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe anasomea uhandisi, kilimo, sheria au Kiswahili, hukutana na kozi ambazo hakuzichagua. Mbinu za mawasiliano, masomo ya maendeleo, elimu kuhusu ukimwi, misingi ya falsafa: orodha hutofautiana baina ya chuo na chuo lakini sura yake ni moja. Wanafunzi huziita yuniti za pamoja. Ukumbi hufurika, kipaza sauti hukwaruza, na mtihani ukishafanywa kozi husahaulika. Ni nadra kumsikia mwanafunzi akiuliza ni nani aliyeamua kwamba kozi hizo ndizo zinazomfaa kila msomi, na ni nadra zaidi kumsikia mhadhiri akisema kwamba uamuzi huo ni wake.

Makala haya yanalenga kulifafanua swali hilo kwa kuangazia mfano mmoja wa mbali, yaani Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, ambako mpango wa elimu ya jumla umejengwa, ukabomolewa na kujengwa upya mara kadhaa tangu miaka ya 1940, na kila mara kwa uamuzi wa wahadhiri wenyewe. Mfano huu haukuteuliwa kwa sababu Harvard ni chuo cha kuigwa katika kila jambo. La hasha, utajiri wake hauna mshabaha na hali yetu. Umeteuliwa kwa kuwa kumbukumbu zake ziko wazi, na kwa kuwa unaonyesha jinsi mpango uliopitishwa kwa kura nyingi unavyoweza kuharibika katika muda usiofika miaka kumi bila mtu yeyote kuudhamiria uharibifu huo.

Suala hili linatugusa sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Mara kwa mara katika vikao vya vyama vyetu hutolewa rai kwamba Kiswahili kiwe kozi ya lazima kwa wanafunzi wote wa chuo kikuu. Rai hiyo ni njema. Hata hivyo, wanaoitoa aghalabu huishia pale kozi inapoingia katika orodha, ilhali hapo ndipo kazi inapoanza.

Dhana ya elimu ya jumla

Elimu ya jumla, kwa maana inayotumika hapa, ni ile sehemu ya shahada ya kwanza ambayo haifungamani na taaluma anayobobea mwanafunzi. Shabaha yake si kumwandaa kwa kazi fulani bali kumpa msingi wa kufikiri, kusoma, kuhesabu na kupima mambo akiwa raia na binadamu. Huo ndio ufafanuzi wa vitabuni. Katika utendaji mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa pana njia mbili za kuutekeleza mpango wa aina hii, na wanaozichanganya hujikuta hawana hata moja.

Njia ya kwanza ni ya usambazaji. Mwanafunzi hutakiwa kuchukua kozi kadhaa nje ya taaluma yake, lakini kozi zenyewe ni zile zile za kawaida za idara. Tuchukue mfano wa kwetu: mwanafunzi wa sheria anayeketi na wanafunzi wa Kiswahili katika kozi ya utangulizi wa isimu, akajifunza fonimu na mofimu kama wao, amesambazwa. Njia ya pili ni ya kutunga kozi mahsusi kwa ajili ya watu ambao hawatakuwa wataalamu wa somo hilo kamwe. Mwanafunzi yule yule wa sheria akipewa kozi inayochunguza jinsi shahidi asiyejua Kiingereza anavyosikizwa, anavyotafsiriwa na pengine kupotoshwa mahakamani, amepewa elimu ya jumla. Kozi ya kwanza hupimwa kwa jinsi inavyomwandaa mwanafunzi kwa kozi inayofuata. Kozi ya pili haina inayofuata. Hupimwa kwa kile atakachobaki nacho mtu ambaye hatasoma tena somo hilo maishani.

Msomaji aishike tofauti hii, kwani ndiyo iliyouangusha mpango wa Harvard.

Kutoka Eliot hadi Rosovsky

Charles Eliot, aliyekuwa rais wa Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, aliamini kwamba kijana wa chuo kikuu ana akili za kutosha kujichagulia masomo. Katika kipindi chake masharti yaliondolewa moja baada ya jingine hadi mwanafunzi akawa karibu huru kabisa. Mrithi wake, A. Lawrence Lowell, alirejesha utaratibu: kila mwanafunzi abobee katika taaluma moja, na kozi nyingine azisambaze. Katika enzi hiyo hiyo Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York kilishika njia ya pili. Mwaka 1919, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimemalizika punde, kilianzisha kozi moja kuhusu ustaarabu wa kisasa, na mwaka 1937 ikaongezwa nyingine ya fasihi. Kozi hizo zingali zipo, na wanafunzi wote huzichukua katika madarasa madogo.

Harvard ilirudi kwenye suala hili wakati wa Vita vya Pili. Mwaka 1943 rais wake, James Bryant Conant, mwanakemia, aliteua kamati ya wahadhiri iliyoongozwa na mwanahistoria Paul Buck. Ripoti yao kuhusu elimu ya jumla katika jamii huru ilitoka mwaka 1945, na kwa sababu ya rangi ya jalada lake ikaitwa Kitabu Chekundu. Ilisomwa kote Marekani, na vyuo vingi vikatunga mitaala kwa kuirejelea. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba wahadhiri wa Harvard wenyewe hawakuupitisha mpango huo jinsi ulivyopendekezwa. Wazo la kozi moja itakayosomwa na kila mtu lilikataliwa. Badala yake kila fungu likapewa kozi kadhaa za kuchagua. Miaka ilipopita kozi hizo zikaongezeka, na kadiri zilivyoongezeka ndivyo maana ya mpango ilivyofifia.

Katika miaka ya 1970 mkuu wa Kitivo cha Sanaa na Sayansi alikuwa mwanauchumi Henry Rosovsky. Chini ya uongozi wake kulitungwa mpango mpya ambao tunaweza kuuita Mpango wa Kiini. Mwaka 1978 wahadhiri waliupitisha kwa kura 182 dhidi ya 65. Falsafa yake ilikuwa tofauti na ya Kitabu Chekundu. Haukudai kwamba kuna maarifa fulani ambayo kila msomi sharti awe nayo; ulidai kwamba kuna namna mbalimbali za kuyapata maarifa, kama vile namna ya mwanahistoria, ya mhakiki wa fasihi, ya mwanasayansi au ya anayetafakari maadili, na kwamba mwanafunzi aonje kila namna. Kozi za Kiini zilipitiwa na kamati maalumu na zilitengwa na kozi za idara kwa ukuta mrefu. Ukuta huo uliulinda mpango kwa takriban miaka 30. Pia uliufanya uchukiwe: mwanafunzi aliyesoma kozi ngumu ya historia katika idara ya historia aliweza kuambiwa kwamba haihesabiki, sharti achukue ile ya Kiini.

Mageuzi ya mwaka 2007

Mapitio ya Mpango wa Kiini yalianza mapema katika miaka ya 2000, Lawrence Summers akiwa rais wa chuo na William Kirby akiwa mkuu wa kitivo. Kamati ziliundwa, rasimu zikaandikwa, na kwa miaka kadhaa hakuna kilichofika kwenye kura ya mwisho. Uhusiano kati ya rais na wahadhiri ulikuwa umeharibika. Tarehe 15 Machi 2005 wahadhiri wa kitivo hicho walipiga kura ya kutokuwa na imani na Summers, 218 dhidi ya 185. Mwaka 2006 Kirby na Summers wote wawili waliondoka. Hapa tunajifunza jambo ambalo haliandikwi katika miongozo ya mitaala: mageuzi ya elimu ya jumla huhitaji kuaminiana kuliko mageuzi ya kozi ya idara moja, kwa kuwa kila idara inaombwa itoe wakati na walimu wake kwa kitu ambacho si chake.

Derek Bok, rais wa zamani, alirudi kushika usukani kwa muda. Kikundi kipya cha wahadhiri kiliundwa, kikiongozwa na Louis Menand wa idara ya Kiingereza pamoja na mwanafalsafa Alison Simmons. Rasimu yao ya kwanza, ya Oktoba 2006, ilipendekeza kwamba kila mwanafunzi achukue kozi katika fungu lililohusu akili na imani ya dini. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: wanafunzi wanakwenda kuishi katika dunia ambamo dini ina nguvu kubwa, na chuo kikuu hakiwafundishi kulitafakari jambo hilo. Mwanasaikolojia Steven Pinker alipinga hadharani. Aliona si sawa kuiweka imani sambamba na akili, kana kwamba ni njia mbili za kufikia maarifa zenye hadhi moja. Kabla ya mwaka kwisha fungu hilo liliondolewa, na katika ripoti ya mwisho ya Februari 2007 pakawa na fungu la utamaduni na itikadi.

Baadhi ya watu huutazama mjadala huo kama ushindi wa wanasayansi dhidi ya watu wa dini. Mimi nauona kama kielelezo cha usimamizi wa wahadhiri unavyopaswa kuwa. Pendekezo lilitolewa kwa jina la watu waliokuwa tayari kulitetea. Likapingwa na mwenzao kwa jina lake. Likabadilishwa kabla ya kura. Hakuna aliyelipokea kwa waraka kutoka ofisi ya juu. Pia si kweli kwamba dini ilifukuzwa darasani. Ali Asani, mzaliwa wa Nairobi na profesa wa Harvard, amefundisha katika mpango huo kozi ya kuujua Uislamu kwa kupitia sanaa, na bila shaka msomaji wa tenzi na kasida za mwambao wetu angeona fahari kuketi humo.

Mwezi Mei 2007 wahadhiri waliupitisha mpango mpya kwa kura 168 dhidi ya 14, na 11 hawakuegemea upande wowote. Mafungu yalikuwa manane: ufahamu wa sanaa na ufasiri, utamaduni na itikadi, fikra za kimajaribio na kihisabati, fikra za kimaadili, sayansi ya viumbe hai, sayansi ya ulimwengu wa maumbile, jamii za dunia, na Marekani katika dunia. Mpango ulianza kutumika Septemba 2009.

Jinsi mpango unavyokufa taratibu

Laiti habari ingeishia hapo, ingekuwa ya kufurahisha. Kura 168 dhidi ya 14 ni karibu kauli moja. Lakini kura hupigwa siku moja, na kozi hufundishwa kila muhula.

Kwanza, wakati haukuwa mzuri. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Juni 2009, kufuatia msukosuko wa fedha duniani, amana ya Harvard ilipungua kwa takriban asilimia 27. Mpango uliohitaji kozi mpya, wasaidizi wa kufundisha na muda wa wahadhiri kuandaa masomo ulizaliwa katika msimu wa kufunga mkaja. Kutunga kozi ya elimu ya jumla ni kazi nzito. Mhadhiri hawezi kuchukua tu maelezo yake ya kila mwaka. Sharti aanze kwa kujiuliza kwa nini somo lake limhusu mtu asiyelijali. Kazi hiyo isipolipiwa kwa fedha au kwa muda, wachache tu ndio watakaoifanya.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, ukuta ulibomolewa bila kuwekwa lango. Kwa kuwa wanafunzi walikuwa wameuchukia ukuta wa Mpango wa Kiini, mpango mpya uliruhusu kozi za idara kuhesabiwa mradi zitimize masharti ya fungu husika. Ruhusa hiyo ilikuwa na nia njema. Idara zikaona kwamba kozi ikihesabiwa katika elimu ya jumla hupata wanafunzi wengi, na idadi ya wanafunzi ni hoja unapoomba walimu na wasaidizi. Wanafunzi nao wakataka orodha iwe ndefu ili wapate kozi inayoafiki ratiba. Kamati ikawa inapokea maombi ya kuingiza kozi, na hakuna aliyekuja kuomba kozi yake itolewe. Orodha ikavimba hadi mamia. Wanafunzi wakawa wanachagua kozi kwa saa zake au kwa sifa ya kuwa nyepesi. Mpango uliobuniwa kwa njia ya pili ukawa unaendeshwa kwa njia ya kwanza, na jina halikubadilika.

Tatizo hili si la Harvard peke yake. Ni tabia ya orodha yoyote isiyo na mwenyewe. Kozi ya idara ina idara. Ikizorota, mkuu wa idara huulizwa. Kozi ya pamoja ni kama kisima cha njia panda: kila mpita njia huchota, wa kukifukua hapatikani.

Kilichoiokoa Harvard ni kifungu kimoja katika azimio la 2007 kilichotaka mpango ufanyiwe tathmini baada ya miaka mitano. Kamati ya tathmini iliongozwa na mwanafalsafa Sean Kelly. Ilizungumza na wanafunzi na wahadhiri, na mwaka 2015 ikatoa matokeo yasiyopakwa sukari: mpango ulikuwa unashindwa katika nyanja kadhaa. Wanafunzi hawakuweza kueleza madhumuni yake. Wahadhiri waliofundisha humo nao hawakukubaliana juu ya madhumuni hayo. Elimu ya jumla na usambazaji vilikuwa vimechanganyika kiasi kwamba hakuna kimoja kilichofanyika vyema.

Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuvitenganisha. Mwezi Machi 2016 wahadhiri walipitisha muundo mpya. Kila mwanafunzi achukue kozi nne za elimu ya jumla halisi, zilizotungwa mahsusi, moja katika kila fungu kati ya manne: ujumi na utamaduni, maadili na uraia, historia, jamii na watu binafsi, sayansi na teknolojia katika jamii. Halafu asambaze kozi tatu za kawaida katika sanaa na ubinadamu, sayansi za jamii, na sayansi pamoja na uhandisi. Juu ya hizo aongeze kozi moja ya kufikiri kwa takwimu. Kozi za zamani hazikuingia moja kwa moja. Ziliombewa idhini upya. Utekelezaji ulianza mwaka 2019, zaidi ya miaka mitatu baada ya kura, na sehemu ya muda huo ilitumiwa kuzipitia kozi na kuziandaa upya.

Vitabu vya nani?

Msomaji anaweza kusema kwamba mjadala wa Harvard ni wa taratibu na kamati, na kwamba roho ya mtaala ni yaliyomo. Hoja hiyo ina uzito, na Chuo Kikuu cha Stanford, California, kinaitilia nguvu. Huko tangu mwaka 1980 kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alitakiwa kusoma utamaduni wa Magharibi kwa orodha ya vitabu iliyowekwa. Wanafunzi, hasa weusi, waliuliza kwa nini dunia nyingine haimo. Tarehe 31 Machi 1988 seneti ya wahadhiri ilipiga kura 39 dhidi ya 4 kuiondoa kozi hiyo na kuleta nyingine iliyozungumzia tamaduni kwa wingi. William Bennett, aliyekuwa waziri wa elimu katika serikali ya Reagan, aliushutumu uamuzi huo vikali. Hakuweza kuubatilisha. Mtaala ulikuwa mikononi mwa seneti.

Sisi tulikuwa tumetangulia kwa miaka 20. Mwaka 1968, Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kaimu mkuu wa idara ya Kiingereza aliwasilisha mapendekezo ya maendeleo ya idara mbele ya bodi ya kitivo cha sanaa. Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliyajibu kwa waraka wa tarehe 24 Oktoba wakitaka idara hiyo ivunjwe na mahali pake pawe na idara inayoiweka Afrika katikati. Waraka huo husomwa katika kozi zetu za nadharia kama tamko la ukombozi wa fikra, na ndivyo ulivyo. Lakini mara nyingi tunasahau kwamba ulikuwa pia karatasi ya kikao. Uliandikwa kujibu karatasi nyingine, ukawasilishwa katika chombo chenye mamlaka ya kuamua, ukajadiliwa na wahadhiri wenzao. Wangeliandika shairi tu, labda tungelisifu shairi na idara ingelibaki.

Dar es Salaam inatoa mfano mwingine ulio karibu zaidi na elimu ya jumla. Mwezi Machi 1967, majuma machache baada ya Azimio la Arusha, ulifanyika mkutano kuhusu nafasi ya chuo kikuu katika Tanzania ya kijamaa. Kutokana na mjadala wa wakati huo masomo ya maendeleo yalikuja kuwa ya lazima kwa wanafunzi wa taaluma zote, na mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Hapa msukumo ulitoka katika siasa ya nchi, jambo ambalo wengine hulilaumu. Hata hivyo kozi ilipata nyumba: taasisi, walimu wa kudumu, utafiti wake. Ndiyo maana imeishi kupita itikadi iliyoizaa.

Mamlaka yanapohama

Chama cha maprofesa wa Marekani kilitoa tamko mwaka 1966, kwa ushirikiano na vyama vya viongozi wa vyuo na vya wanabodi, kwamba wahadhiri ndio wenye jukumu la msingi juu ya mtaala, maudhui na mbinu za kufundishia. Tamko si sheria, na katika jimbo la Florida tumeona linavyoweza kuwekwa kando. Mwezi Mei 2023 gavana wa jimbo alitia sahihi sheria iliyoweka masharti juu ya yaliyomo katika kozi za elimu ya jumla za vyuo vya umma. Januari 2024 bodi inayosimamia vyuo vikuu vya jimbo iliiondoa kozi ya utangulizi wa sosholojia katika orodha ya kozi za msingi na kuiweka ya historia ya Marekani. Sosholojia haikupigwa marufuku. Mwanafunzi anaweza kuichukua kwa hiari. Lakini idara ambayo kozi yake ya utangulizi hutimiza sharti la elimu ya jumla hupata wanafunzi mamia, na isipotimiza hubaki na wachache. Hivyo ndivyo orodha ya elimu ya jumla inavyogeuka kuwa chombo cha kukuza au kudumaza taaluma nzima.

Ni busara tukumbuke hili tunapoomba Kiswahili kilazimishwe kwa amri ya wizara. Kinachoweza kuletwa kwa waraka kinaweza kuondolewa kwa waraka.

Kiswahili kama kozi ya pamoja

Hoja ya kukitaka Kiswahili katika kozi za pamoja ni thabiti. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Mwanafunzi wa mfumo huo husoma Kiswahili miaka 12, kisha huingia chuo kikuu na somo hilo hukatika kama uzi, isipokuwa kwa sisi wachache tuliolichagua. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na kukiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Bungeni kimeruhusiwa tangu 1974. Hata hivyo kozi ya mbinu za mawasiliano, ambayo ndiyo ingestahili kumwandaa mhitimu kuwasiliana na wananchi, hufundishwa kana kwamba mawasiliano yote nchini hufanyika kwa Kiingereza. Daktari anamaliza masomo bila kufundishwa kumweleza mgonjwa maana ya shinikizo la damu. Afisa wa kilimo anaweza kuandika ripoti ya kurasa 40 na asiweze kuisema barazani.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 imeiachia seneti ya kila chuo masuala ya kitaaluma, huku Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikisimamia ubora na ithibati. Mlango basi tunaujua. Swali ni tutaingia na nini mkononi. Tukienda na kozi yetu ya utangulizi wa isimu au ya fasihi simulizi na kuomba iwe ya lazima kwa wote, tutakuwa tumeleta usambazaji na kuuita elimu ya jumla. Mwanafunzi wa uhandisi atakariri ngeli, atapita mtihani, na atatoka akikichukia Kiswahili kuliko alivyoingia. Kozi inayofaa ni nyingine kabisa, na kwa sasa haipo kwenye rafu ya idara yoyote. Ingehusu kuandika kumbukumbu za mkutano na taarifa kwa umma. Kutafsiri fomu ya hospitali au tangazo la mnada. Kusoma hukumu ya mahakama na kuieleza kwa mtu aliyeshtakiwa. Na, sioni kwa nini isiwe hivyo, kusoma riwaya moja nzima. Kuitunga kutahitaji mtu wa sheria, mtu wa afya na mtu wa kilimo waketi na mtu wa isimu.

Kwa sababu hiyo, kinyume na wengi katika chama chetu, sidhani kozi hiyo imilikiwe na idara ya Kiswahili peke yake. Idara ndiyo itakayofundisha sehemu kubwa, na ni haki ipate nafasi za ajira zitokanazo. Ila kamati ya kuisimamia iwe ya vitivo vyote, ikiwa na uwezo wa kukataa na wa kuondoa, si wa kupokea tu. Nafahamu hofu iliyopo: tukiwapa wengine nafasi watakipunguzia Kiswahili uzito. Lakini kozi ambayo kitivo cha uhandisi hakikushiriki kuitunga, kitivo hicho hakitaitetea siku bajeti itakapokatwa.

Yapo mambo madogo zaidi ambayo pendekezo lolote litalazimika kuyajibu kabla ya kufika seneti. Tuseme chuo kimesajili wanafunzi 4,000 wa mwaka wa kwanza. Zoezi moja tu la kuandika ukurasa mmoja ni kurasa 4,000 za kusahihishwa, na kozi ya kuandika isiyo na zoezi la kuandika si kozi ya kuandika. Wahadhiri wa muda, ambao ndio hubeba kozi nyingi za pamoja, wangehitaji kulipwa kwa usahihishaji na si kwa saa za ukumbini pekee. Wanafunzi wa uzamili katika Kiswahili wangeweza kuongoza vikundi vidogo, jambo ambalo lingewapa karo na uzoefu kwa pamoja. Na tarehe ya tathmini ya kwanza iandikwe ndani ya pendekezo lenyewe, pamoja na jina la ofisi itakayoiitisha, ili mwaka huo utakapofika isisubiriwe mpaka mtu akumbuke.